Mwinjilisti Aliyelikosea Kaburi la Baba

Kila kitu nilichoambiwa nikiogope kilikuwa nje ya kanisa. Nilipopata kazi ya kuunganisha simu katika posta ya Makindu, mapema miaka ya sabini, wazee wa kanisa letu kule Kitui walikuja nyumbani kuniombea, na baada ya maombi kila mmoja akawa na lake. Niogope madereva wa malori. Niogope mwenye duka atakayeniongezea sukari bila kuombwa. Nisikodi chumba kwa Mwislamu. Nikifika tu, kabla hata sijafungua mzigo, nitafute kanisa na niwape watu wa kanisa moyo wangu wote. Mama alikuwa amekaa kando akichambua mbaazi, anasikiliza.

Chumba nilikikosa kila mahali isipokuwa kwa Mwislamu. Alikuwa mjane wa Kisomali ambaye mumewe alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na baada ya kifo chake alibaki Makindu akiuza maziwa na kupangisha vyumba viwili vya nyuma. Alinionyesha chumba, akanionyesha mahali pa kuanika nguo, akaniambia hataki wanaume uani. Basi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikifunga mlango kwa kufuli hata nikienda kuchota maji, kwa sababu ya maneno ya wazee.

Kanisa sikulitafuta sana, lilinitafuta lenyewe. Mke wa mchungaji alikuja posta kununua stempu, akaniona sura ngeni, akaniuliza kwetu ni wapi. Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa sebuleni kwake pamoja na mabinti wengine waliokuwa wakianza maisha peke yao: walimu, mwuguzi mmoja wa zahanati, na msichana aliyekuwa akishona katika duka la Mhindi. Tulimwita Mama Mchungaji. Alitufundisha maisha ya wanawake wa Biblia, yule Mmoabu aliyemfuata mama mkwe wake, na yule malkia aliyefunga kabla ya kwenda mbele ya mfalme. Alitufundisha pia kununua makaa kwa kuinua gunia badala ya kulitazama, na namna ya kumjibu mkubwa wa kazi anayekuita mpenzi. Alinipa shuka yake mwenyewe nilipokuwa sina. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya, na sijawahi kusema.

Mwisho wa somo alikuwa na desturi moja. Tulifunga mlango, tukakaa karibu karibu, kila mmoja akafungua moyo wake ili wengine wambebee mzigo. Mimi nililelewa katika nyumba ya kimya na mwanzoni maneno yalinikwama, lakini siku moja nilisema habari za baba. Baba alikuwa kibarua wa reli, alikufa huko kazini nikiwa mdogo, wakamzika huko huko. Mama hajawahi kuliona kaburi lake. Niliposema hayo nililia, na msichana mshonaji akanishika bega. Kutoka siku hiyo akawa rafiki yangu. Tuliimba kwaya pamoja, tukakaa benchi moja.

Mwinjilisti alianza kuja mwaka uliofuata. Kwao kulikuwa upande wa Kambu, na alizunguka makanisa ya njia ile kwa baiskeli. Alikuwa kijana mtanashati, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, na hakuwa mtu wa kelele. Wahubiri wengine walipiga meza. Yeye alihubiri kwa sauti ya chini, kisha akafumba macho na kunyamaza hadi hata watoto wakaacha kuchezacheza. Ndipo aliposema alichokiona.

Jumapili moja alifumba macho, akasema: "Kuna binti hapa. Baba yake alikufa mbali. Naona reli, naona kaburi, ni huko Voi, na mama yake hajawahi kulifikia. Binti, Bwana amekuwa baba yako."

Sikumbuki nilisimamaje. Nakumbuka mikono ya akina mama mgongoni mwangu na sakafu ya saruji karibu na uso wangu. Nililia kama siku tulipopata habari za kifo chake. Nilitoka pale nimejaa furaha ambayo sijui niilinganishe na nini, kwamba Mungu wa mbingu alikuwa ameacha shughuli zake zote akaja Makindu kunitaja mimi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofika kwenye uzio wa hekalu la Makalasinga. Nilisimama hapo kufunga kiatu, na nikiwa nimeinama wazo likanijia: baba hakuzikwa Voi.

Baba alizikwa Maungu. Ni kituo kidogo mbele ya Voi, na katika nyumba yetu jina hilo lilitajwa kwa sauti ya pekee. Lakini mtu wa Kitui au wa Makindu ukimwambia Maungu, atakuuliza ni wapi, halafu unaanza kueleza, na mimi sikupenda kueleza. Kwa hiyo tangu nikiwa shule nilikuwa nikisema Voi, kwa ufupi tu. Kila mtu niliyemsimulia Makindu nilimwambia Voi. Na Mungu, nilijua, hakuhitaji nimfupishie.

Nilifunga kiatu, nikaendelea kutembea. Mtu akinitazama angedhani ni yule yule binti mwenye furaha.

Watu waliojua habari za baba walikuwa wachache. Mama Mchungaji na mabinti wa Jumamosi waliisikia siku moja. Mshonaji aliisikia zaidi ya mara moja, kwa sababu tulikuwa tukitembea pamoja. Na yule mjane mwenye nyumba nilimwambia jioni moja aliponikuta nimekaa kizingitini nikiwa na huzuni. Nilianza kuwatazama wote. Mjane akiongea Kisomali na wateja wake wa maziwa, nilikuwa nikitega sikio kama nitasikia jina la kwetu. Mshonaji akinipima gauni akiniuliza habari za nyumbani, nilikuwa nikijibu nusu. Hamu ya chakula iliniishia. Ni jambo gumu kukaa katika mji mgeni ukiwa na watu watatu tu wa kuongea nao, halafu ukawa huwezi kuongea na yeyote.

Baada ya wiki chache Mama Mchungaji alinibakisha wenzangu walipoondoka. Aliniambia mtu wa Mungu ameonyeshwa mke. Hakuonyeshwa jina, alionyeshwa uso. Nilimwuliza ni uso wa nani, ingawa nilishajua, naye akacheka kwa upole, akanishika mikono yote miwili. Alisema nisijibu leo, niombe, lakini nikumbuke kwamba Bwana alishanitaja mbele ya kanisa zima.

Kwa kazi yangu ningeweza kujua ukweli kwa dakika chache. Duka lililokuwa jirani na nyumba ya mchungaji lilikuwa na simu, na kabla ya kila Jumapili ya mwinjilisti kulikuwa na simu kutoka Kambu kuja pale. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiunganisha. Nilitakiwa kuchomeka waya, kusikia kwamba wenye simu wamepatana, na kufunga ufunguo wangu, yaani swichi ya kusikilizia. Kuuacha wazi ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Lakini nilikuwa nimekula kiapo cha kazi nikiwa nimeweka mkono juu ya Biblia, na niliona aibu kutafuta kama mtu ananidanganya kwa Biblia huku mimi mwenyewe nikivunja nilichoapa juu yake. Niliufunga ufunguo kila mara. Siku moja niliufunga, nikatoka nje kabisa kusimama juani hadi mazungumzo yakaisha.

Nilipopata likizo nilikwenda nyumbani. Mama nilimweleza yote tukiwa tunatwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa ganda, mchi wangu na wake ikipishana kinuni. Alinisikiliza bila kupoteza mdundo. Nilipofika kwenye habari ya Voi mchi wake ukasimama.

"Alisema Voi?"

"Alisema Voi."

Tulimaliza kazi, tukapepeta pumba. Kisha alileta Biblia yake ya Kikamba, ile aliyojifunzia kusoma akiwa mtu mzima, akatafuta kwa kidole mahali katika habari za wafalme. Alinisomea polepole habari ya kijana mtu wa Mungu aliyetumwa mji mwingine, akaambiwa na Mungu asile mkate wala asinywe maji huko, wala asirudi kwa njia aliyojia. Kijana alifanya kazi yake vizuri. Alipokuwa akirudi, nabii mmoja mzee alimfuata, akamwambia kwamba hata yeye ni nabii, na malaika amemwambia amrudishe kijana nyumbani kwake ale. Ilikuwa uongo. Kijana alirudi, akala. Njiani simba akamwua.

Mama alifunga kitabu. "Yule kijana alikosa wapi?" akaniuliza.

"Alidanganywa na mzee."

"Mzee alikosa lake. Nakuuliza kijana."

Nilianza kuokota chenga za mahindi chini.

"Mungu aliongea na huyo kijana mwenyewe," mama alisema. "Alijua njia ya kumfikia. Halafu alipokuja mtu kusema malaika ameniambia habari zako, mbona hakuuliza, huyo malaika alishindwa kuja kwangu?" Alijifuta mikono kwa leso yake. "Mimi sisemi huyo kijana wa Kambu ni mwongo. Simjui. Nasema Mungu anapajua unapokaa Makindu."

Hakuniambia nimkatae mtu yeyote. Nilirudi kazini nikiwa na hilo moja tu.

Sikutaka kusema uongo ili kunasa uongo, kwa hiyo nilitumia kweli. Nilichagua mambo matatu ya kweli ambayo sikuwahi kumwambia mtu Makindu, nikayagawa. Mjane nilimwambia kwamba mimi nilizaliwa pacha na mwenzangu hakuishi. Rafiki yangu mshonaji nilimwambia kwamba nikiwa shule nilitaka sana kuwa mwuguzi na nilikataliwa. Mama Mchungaji nilimwambia, tukiwa peke yetu jikoni kwake, kwamba nikiwa mdogo nilianguka katika shimo la maji tulilochimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, mchanga ukaanza kunifunika, na kaka yangu akanivuta kwa nywele. Nilimwambia mpaka leo siwezi kutazama ndani ya kisima. Alinikumbatia. Nilipotoka pale roho iliniuma, nikaomba kwa moyo wote isiwe yeye. Nilimwomba Mungu aliyenisema awe yule mjane. Naona haya kulisema, lakini ndivyo nilivyoomba.

Mwinjilisti alikuja Jumapili ya pili. Alihubiri vizuri sana siku hiyo. Rafiki yangu alikuwa kulia kwangu, tumeshika kitabu kimoja cha nyimbo. Mwinjilisti alifumba macho, kukawa kimya, nikasikia hadi bati la paa likilia kwa jua.

"Naona mchanga," alisema. "Naona mtoto katika shimo la maji, na mchanga unamfunika. Naona mkono unamvuta. Bwana anauliza, nilikuvuta kwa ajili ya nani?"

Kanisa lilipaza sauti. Akina mama walinigeukia, maana walishajua binti wa maono ni nani. Safari hii sikuanguka. Nilimtazama Mama Mchungaji aliyekuwa amekaa benchi la mbele. Alikuwa akilia machozi ya kweli, mikono yake juu, kama mtu anayesikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Kesho yake baada ya kazi nilikwenda kwake. Alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, nikakaa, nikachagua naye. Nilimwuliza kwa heshima kama alimwambia mwinjilisti habari ya shimo.

Hakukana. Alisema wao huombea mabinti wote kwa majina, yeye na mwinjilisti, ambaye ni mtoto wa dada yake, na katika kuomba mtu hutaja mahitaji. "Mungu hutumia watu, binti yangu. Ulidhani angetumia nini?"

Nilimwambia kwamba mwinjilisti hakusema ameambiwa. Alisema ameona.

"Akishaombea, anaona," alijibu. Akaendelea kuchagua maharagwe. Kisha akasema, bila hasira, kwamba msichana anayempima mtu wa Mungu ataishia kupima mume, na mume apimwaye hakai. Nilimaliza maharagwe yaliyokuwa upande wangu, nikaaga.

Mwinjilisti mwenyewe alikuja posta siku ya kazi, mchana, akasimama kwenye dirisha kama mtu mwingine yeyote. Alitaka kujua kama nimepata jibu. Nilimwambia nimeliombea na jibu ni hapana.

"Dada, unamkataa Mungu?"

"Nakukataa wewe, ndugu. Mungu hajaniuliza bado."

Sikuona hasira usoni mwake, niliona mshangao mtupu, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nikamwuliza baba yangu alizikwa wapi. Akasema Voi. Nikamwambia hapana, nikamhudumia mtu aliyekuwa nyuma yake.

Baada ya hapo benchi langu kanisani lilikuwa na nafasi. Hakuna aliyenifukuza. Walinisalimia, waliniuliza habari za kazi, na kila salamu niliichunguza mbele na nyuma kabla ya kuijibu. Jumamosi sikuenda tena. Mjane aliona nipo nyumbani siku ambazo zamani sikuwepo, akaanza kuniita ndani ninywe chai. Hakuwahi kuniuliza sababu. Habari ya pacha wangu sijawahi kuisikia kinywani mwa mtu mwingine hadi leo.

Kabla mwaka haujaisha mwinjilisti alionyeshwa uso mwingine, na ulikuwa wa rafiki yangu. Nilimfuata dukani alipokuwa akishona, nikamweleza kila kitu: Voi, Maungu, mchanga, maharagwe. Alisikiliza huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Nilipomaliza alikata uzi kwa meno.

"Wewe ulimkataa," alisema. "Sasa ukiona amechukuliwa, inakuuma."

Nilimwambia hainiumi, nilichotaka ni amwulize mwinjilisti jambo moja tu kabla ya kukubali, jambo ambalo hajamwambia mtu yeyote. Alisema hana jambo kama hilo. Moyo wake wote alishaufungua Jumamosi, na hakuona kwa nini mtu anayempenda Bwana abakishe kitu. Nilikwenda harusini. Alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, na lilikuwa zuri.

Mimi nilihamishiwa posta ya mjini Kitui, nikaolewa na mwalimu aliyenijia bila maono yoyote. Aliniuliza kama nitamkubali, nikamwuliza maswali mpaka akachoka, akajibu yote, mengine vibaya. Tulilea watoto. Mabinti wa kanisa letu walipoanza kutumwa kazi za mbali, wachungaji waliniomba nikae nao kabla hawajaondoka. Nilikuwa nikiwasomea ile habari ya kijana na nabii mzee, kisha nikawauliza kijana alikosa wapi. Wengi husema alidanganywa. Nawaambia watafakari, warudi wiki ijayo. Sikuwahi kuwafundisha wafungue mioyo yao sebuleni mwa mtu, na kuna wazee walionilaumu kwamba nawafundisha mabinti kushuku watumishi. Sikubishana nao.

Rafiki yangu nilimwona tena miaka ya themanini, siku ya soko. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake kibarazani mwa duka, miwani puani. Wao pia walikuwa wamehamia Kitui, mume akiwa na kanisa dogo nje ya mji. Alinitambua kabla sijamtambua, akanipisha kwenye kiti chake, yeye akakaa juu ya furushi la vitambaa. Tuliongea habari za watoto. Wake walikuwa wanne, wakubwa wako shule.

Nilipomwuliza habari za mumewe, alisema hajambo. Kisha akaanza kusimulia akiwa anapindua ukosi wa shati, kwa sauti ile ile ya kawaida. Miaka ya mwanzo mume aliona mengi. Aliona kwamba dada wa mkewe asije kukaa nao. Aliona mkewe aache kushona kwa Mhindi. Aliona ni nani katika jirani asiyefaa kusalimiwa. Kila jambo ambalo rafiki yangu alimwambia mtu wa kanisa asubuhi, jioni lilikuwa limeonwa, na yeye aliogopa, kwa sababu alidhani ni Mungu anamfuata nyumbani.

"Ulikuja ukaniambia pale dukani," alisema. "Nilikuchukia muda mrefu."

Nilimwambia najua.

"Siku hizi simwambii mtu kitu." Alinyanyua shati kuangalia mshono dhidi ya mwanga. "Na yeye siku hizi haoni kitu."

Alicheka, nami nikacheka, lakini alikoma kabla yangu. Alisema mumewe amekuwa mtu mpole kuliko zamani. Huhubiri kutoka kwenye kitabu na kuketi. Usiku mwingine husema ameachwa, kwamba Bwana alikuwa akiongea naye tangu ujana na sasa amenyamaza, na analia kabisa, na yeye hulala pale pembeni akimsikia na hajui amwambie nini.

Nilimwuliza kama anadhani mumewe alijua, siku zile, kwamba alichokuwa akikiona alikuwa ameambiwa.

Aliniangalia juu ya miwani yake, kama anayepima kama mimi ni mtu wa kujibiwa. Kisha mteja akaja na suruali iliyochanika, rafiki yangu akanyoosha mkono kuipokea, na jibu lenyewe hakunipa.